Kisiwa, Anwani na Mahakama: Funzo la Mauritius kwa Majirani Zake

Mwanafunzi mpendwa, kila unapotuma ujumbe kwa simu yako, ujumbe huo husafiri kama barua, na barua haifiki pasipo anwani. Katika intaneti, anwani si jina la mtaa wala sanduku la posta, bali ni namba. Namba moja haiwezi kutumiwa na mitandao miwili kwa wakati mmoja bila kuleta vurugu, kama vile nyumba mbili za mtaa mmoja haziwezi kubandikwa namba ile ile. Ndiyo maana ni lazima pawe na daftari linaloonyesha namba ipi ni ya nani, na ni lazima pawe na mtunza daftari.

Makala haya yanamhusu mtunza daftari wa bara letu la Afrika, mgogoro ulioanza kati yake na mmoja wa wanachama wake, na mahakama ya kisiwa kimoja jirani iliyoombwa kuamua. Ninakusimulia habari hii kwa sababu inaibua swali ambalo kila raia hukutana nalo siku moja: mahakama ikitoa amri inayokuumiza, nawe unaamini kwa dhati kwamba haki iko upande wako, ufanye nini?

Daftari la bara zima

Anwani za intaneti za kizazi cha zamani, ziitwazo IPv4, zina kikomo. Hesabu yake haizidi 4,294,967,296. Wabunifu wake, walioanza kuzitumia miaka zaidi ya 40 iliyopita, waliona kuwa ni nyingi mno. Hawakutazamia kwamba siku moja simu ya kila mkulima na kila dereva wa bodaboda ingehitaji njia ya kuingia katika mtandao.

Dunia imegawanywa katika kanda tano, na kila kanda ina msajili wake. Ulaya na Mashariki ya Kati zina RIPE NCC, Asia na Pasifiki zina APNIC, Marekani ya Kaskazini ina ARIN, Amerika ya Kusini na Karibi zina LACNIC, nayo Afrika ina AFRINIC. Msajili wetu ndiye kitinda mimba, kwa kuwa alitambuliwa rasmi mwaka 2005. Kabla ya hapo, mtandao wa Kiafrika uliotaka anwani ulipiga hodi ughaibuni. Nchi za kaskazini mwa bara zilihudumiwa na msajili wa Ulaya, na za kusini zilihudumiwa na msajili wa Marekani ya Kaskazini. Kuanzishwa kwa AFRINIC kulikuwa hatua ya kujitegemea, na wahandisi wa Kiafrika walioipigania waliifurahia kama mtu anavyofurahia kuhama nyumba ya kupanga na kuingia yake.

Mwezi Februari 2011, hazina kuu ya dunia ilifika mwisho. Mafungu matano ya mwisho yaligawiwa wasajili watano, kila mmoja fungu moja lenye anwani 16,777,216. Tangu hapo kila msajili akabaki na akiba yake tu. Akiba ya Marekani ya Kaskazini ikaisha mwaka 2015, ya Ulaya mwaka 2019, ya Amerika ya Kusini mwaka 2020. Afrika, iliyochelewa kujiunga na mtandao, ndiyo iliyobaki na akiba kwa muda mrefu kuliko wote. Kwa mara moja katika historia, kuchelewa kukawa faida. Na palipo na faida hapakosi macho ya kuitazama.

Kizazi kipya cha anwani, IPv6, kipo na ni tele. Hata hivyo mitandao mingi bado inahitaji zile za zamani, na kitu kinachohitajiwa na wengi kikipungua, bei hupanda. Kufikia mwaka 2021 anwani moja ya zamani iliweza kuuzwa sokoni kwa zaidi ya dola 20 za Marekani. Zingatia bei hiyo, tutaihitaji hivi punde.

Kwa nini Mauritius?

AFRINIC si idara ya serikali yoyote, wala si chombo cha Umoja wa Afrika. Ni kampuni binafsi isiyogawana faida, iliyosajiliwa nchini Mauritius kwa sheria za Mauritius, na ofisi zake zipo Ebene, mji wa kisasa ulio kusini mwa Port Louis. Wanachama wake ni kampuni za simu, vyuo vikuu, mabenki na watoa huduma za intaneti kutoka kila pembe ya Afrika, wakiwamo wa Tanzania, Kenya na Uganda. Wanachama hao hulipa ada, hupiga kura kuchagua bodi ya wakurugenzi, na hutia saini mkataba wa huduma za usajili.

Mauritius ni jirani yetu wa baharini. Ni mwanachama mwenzake Tanzania katika Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, na mwenzake Kenya na Uganda katika soko la COMESA. Udugu wetu nayo una historia ya machungu pia. Katika karne ya 18, kisiwa kilipokuwa mikononi mwa Wafaransa, watu wengi walinunuliwa Kilwa na sehemu nyingine za pwani yetu wakapelekwa huko utumwani.

Mwaka 1810 Waingereza walikiteka kisiwa hicho, lakini wakawaachia wenyeji sheria zao za Kifaransa. Matokeo yake ni mfumo wa sheria wenye wazazi wawili. Masuala ya mikataba hufuata kanuni za kiraia zenye asili ya Ufaransa, ambazo huuchukulia mkataba uliofungwa kihalali kuwa ni sheria baina ya waliofunga. Uendeshaji wa mahakama, pamoja na uwezo wa jaji kutoa amri ya kuzuia jambo kwa dharura, umetoka kwa Waingereza. Nchi ilipata uhuru mwaka 1968 na kuwa jamhuri mwaka 1992, lakini hata leo rufani ya mwisho huweza kufika London, mbele ya Kamati ya Mahakama ya Baraza la Faragha la Uingereza. Kumbuka wazazi hao wawili, kwani katika mgogoro wetu mmoja alishika mkataba na mwingine akashika zuio.

Mgogoro

Mwishoni mwa mwaka 2019 ilifichuliwa kwamba mamilioni ya anwani yalikuwa yamebadilishiwa wamiliki isivyo halali ndani ya daftari la AFRINIC. Ilikuwa fedheha kubwa. Shirika likafanya ukaguzi, kisha likaanza kuwauliza wanachama wenye mafungu makubwa wanavyoyatumia.

Mmoja wa walioulizwa alikuwa Cloud Innovation, kampuni iliyosajiliwa Shelisheli. Ni muhimu uelewe kwamba jambo lake lilikuwa tofauti na wizi ule. Anwani zake, zaidi ya milioni 6, ilipewa na AFRINIC yenyewe kati ya mwaka 2013 na 2016, kwa maombi yaliyopokewa na kuidhinishwa. Sasa rudia ile bei niliyokutajia: anwani milioni 6 kwa dola 20 kila moja ni dola milioni 120. Ndipo utakapoona kwa nini hakuna aliyekuwa tayari kurudi nyuma.

AFRINIC ilidai kwamba anwani hutolewa kwa mahitaji yaliyoelezwa katika maombi, ndani ya kanda ya Afrika, na kwamba mwanachama huyu alizitumia kinyume na maelezo hayo, kwa kuwakodisha wateja walio nje ya bara. Cloud Innovation ilikana. Ilidai kwamba mkataba haukumkataza mwanachama kuwahudumia wateja wa nje, kwamba intaneti haina ukuta mpakani, na kwamba msajili hana mamlaka ya kumnyang'anya mwanachama riziki yake kwa tafsiri yake mwenyewe. Mwezi Machi 2021 AFRINIC ilitangaza nia ya kumwondoa uanachama. Kampuni ikaenda Mahakama ya Juu ya Mauritius.

Mimi si hakimu, na makala haya hayakusudii kukuambia nani alikuwa na haki. Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma huvutia kwake, na hapa palikuwa na waamba ngoma wawili. Ninachotaka uone ni kwamba kila upande ulikuwa na hoja ambayo mtu mwenye akili timamu angeweza kuiamini. Mahakama ziliumbwa kwa ajili ya migogoro ya namna hiyo. Pale haki inapoonekana waziwazi kwa kila mtu, kesi huwa nyepesi.

Miaka migumu

Mahakama ilianza kwa kutoa zuio la muda. Nalo ni amri inayosema, "Simameni hapo mlipo mpaka tuwasikilize." Mwezi Julai 2021 zuio hilo liliondolewa, AFRINIC ikaufuta uanachama wa kampuni ile, siku chache baadaye mahakama ikatoa amri nyingine, na AFRINIC ikaurudisha. Tafakari jambo hilo. Shirika liliamini kwamba liko sahihi. Lilikuwa na daftari mikononi mwake, na hakuna askari aliyekuwa amesimama kando ya kompyuta zake. Hata hivyo, karatasi ya mahakama ilipofika, lilitengua lililokuwa limelitenda.

Mwezi huo huo pigo kubwa zaidi likashuka. Kwa maombi ya Cloud Innovation, iliyokuwa ikidai fidia, mahakama iliamuru akaunti za benki za AFRINIC zifungwe, kwa kiasi kisichozidi dola milioni 50. Shirika linalotunza anwani za bara zima likashindwa kuzifikia fedha zake. Wafanyakazi wasiokuwa na kosa lolote wakaanza kuulizana mishahara yao itatoka wapi. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi.

Hapo palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuikwepa mahakama. Sauti zilisikika zikisema kwamba mahakama ya nchi moja haiwezi kushikilia miundombinu ya bara, na kwamba daftari lihamishiwe kwingine. Njia ya pili ilikuwa ndefu na ya kuchosha, nayo ni kurudi kwa mahakama ile ile, kuieleza hasara inayotokea, na kuiomba iitazame upya amri yake. AFRINIC ilishika njia ya pili. Wasajili wenzake wanne walijitokeza kuiunga mkono. Mwezi Oktoba 2021 mahakama iliondoa amri ya kufunga akaunti. Mahakama iliyofunga ndiyo iliyofungua, baada ya kuelezwa kwa hoja.

Laiti hadithi ingeishia hapo! Kesi zilizaa kesi, zikafika makumi. Uchaguzi wa wakurugenzi uliokusudiwa kufanyika mwaka 2022 ulizuiwa kwa amri ya mahakama. Vipindi vya wakurugenzi vikaisha mmoja baada ya mwingine, bodi ikakosa akidi, yaani idadi ya chini inayotakiwa ili kikao kiwe halali. Mwishoni mwa mwaka huo mkataba wa mtendaji mkuu nao ukaisha, na hapakuwa na bodi ya kumteua mwingine. Shirika likawa kama jahazi lisilo na nahodha, likisukumwa na mabaharia walioendelea kuvuta makasia kwa mazoea na uaminifu. Wahandisi waliendelea kulitunza daftari, na anwani za vyuo vyetu na kampuni zetu za simu ziliendelea kufanya kazi. Lakini sera mpya hazikuweza kuidhinishwa, kwa kuwa mwenye kuidhinisha ni bodi, na bodi haikuwapo.

Mwezi Septemba 2023 mahakama iliteua msimamizi rasmi. Huyu ni mtu anayekabidhiwa funguo za nyumba yenye mgogoro, ailinde hadi wenyewe wapate uongozi. Kazi yake kubwa ilikuwa kuandaa uchaguzi. Rufani zikafuata, msimamizi mwingine akateuliwa, na hatimaye mwezi Juni 2025 kura zikapigwa. Uchaguzi huo ulifutwa kabla ya matokeo kutangazwa, kwa malalamiko kuhusu hati ya kumwakilisha mpiga kura. ICANN, shirika linaloratibu majina na namba za intaneti duniani, lilieleza wasiwasi wake kwa barua. Upande wa Cloud Innovation ulitaka AFRINIC ivunjwe kabisa. Mwezi Septemba 2025, chini ya usimamizi wa mteule wa mahakama, uchaguzi ulirudiwa na bodi mpya ikapatikana. Kesi hazikuisha siku hiyo, lakini jahazi lilipata manahodha.

Kutii, kuridhika na kukata rufani

Sasa tutue mzigo tuutazame, kwani wewe ni mwanafunzi wa lugha na maneno yana uzito wake. Kiswahili kinatofautisha mambo matatu ambayo watu wengi huyachanganya. Kutii uamuzi ni kufanya kile ulichoamriwa. Kuridhika na uamuzi ni kukubali moyoni kwamba ni wa haki. Kukata rufani ni kuupeleka uamuzi mbele ya mahakama ya juu ili upimwe upya.

Kuheshimu uamuzi wa mahakama kunadai la kwanza, hakudai la pili, na kunaruhusu la tatu. Unaweza kutii bila kuridhika. Unaweza kutii leo asubuhi na kukata rufani leo jioni. Usichoweza, ukitaka kuitwa raia mwema, ni kutotii kwa sababu tu hukuridhika. Mtu anayetii amri zinazompendeza peke yake hajaitii mahakama, ameitii nafsi yake.

Kipimo hiki ni kikali, na katika kisa cha Mauritius kila upande ulipimwa nacho. Mwanachama aliyefurahia zuio la mahakama alipaswa kuiheshimu mahakama hiyo hiyo iliposimamia uchaguzi. Wanachama waliolalamikia kufungwa kwa akaunti walipaswa kukumbuka kwamba mlango walioutumia kuzifungua ulikuwa wa mahakama ile ile. Nayo mashirika ya kimataifa yaliyokuwa na wasiwasi, wasiwasi wenye msingi kabisa, yalipaswa kuueleza kwa barua na kwa mawakili, si kwa kumpoka mtunza daftari kazi yake wakati kesi bado iko mezani.

Wapo wanaosema kwamba intaneti ni ya dunia nzima, hivyo haifai ifungwe na jaji wa kisiwa chenye watu wasiotimia milioni moja na nusu. Hoja hii ina mvuto, lakini itazame vizuri. Intaneti haielei hewani. Waya wake umelazwa chini ya bahari na kuibukia katika ufuo wa nchi fulani. Seva zake zimo katika jengo lenye kiwanja na hati. Fedha zake zimo benki, na wafanyakazi wake wana mikataba ya ajira. Vyote hivyo vinalindwa na sheria ya nchi fulani. Anayetaka ulinzi wa sheria hiyo anapodai wengine, akaikataa anapodaiwa yeye, anataka kula wali na kuukataa moto uliouivisha.

Tena jiulize, kama msajili asingewajibika kwa mahakama yoyote, nani angemzuia siku atakapokosea kweli? Leo amekuondoa mwanachama mkubwa mwenye mawakili wengi. Kesho anaweza kukiondoa chuo kidogo cha Kigoma kisicho na wakili hata mmoja. Wahenga walituonya tusimpelekee ngedere kesi ya nyani. Mtunza daftari hawezi kuwa mdai, shahidi na hakimu wa daftari lake mwenyewe.

Majirani wengine wawili

Pengine utasema kwamba Mauritius ni mbali na kwamba mgogoro wa kampuni si mgogoro wa wananchi. Basi nikupe mifano miwili ya karibu, ambapo aliyeamriwa na mahakama alikuwa serikali.

Mwezi Januari 2019, nchini Zimbabwe, bei ya mafuta ilipandishwa na maandamano yakalipuka. Serikali iliziagiza kampuni za mawasiliano zizime intaneti. Kampuni zikajikuta kati ya nyundo na fuawe, kwani kukataa agizo ni kuhatarisha leseni na watendaji wao, na kulitii ni kuwanyamazisha mamilioni ya wateja. Mashirika ya kutetea haki yalikwenda Mahakama Kuu mjini Harare. Tarehe 21 Januari mahakama iliamua kwamba waziri aliyetoa agizo hakuwa na mamlaka hayo kwa mujibu wa sheria aliyoitegemea. Jaji hakuhitaji kuamua kama kuzima intaneti ni jambo jema au baya. Aliuliza tu nani mwenye kalamu ya kutia saini, akakuta saini imetiwa na asiyestahili. Huduma zilirudishwa.

Mwaka mmoja kabla yake, tarehe 30 Januari 2018, serikali ya Kenya ilizima mitambo ya kurushia matangazo ya vituo vya televisheni vya NTV, KTN na Citizen, siku ambayo Raila Odinga, kiongozi wa upinzani, alijiapisha katika bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi. Hiyo ilikuwa mitambo ya televisheni, si ya intaneti, lakini swali la kisheria ni pacha. Tarehe 1 Februari Mahakama Kuu iliamuru mitambo iwashwe huku kesi ikisubiri kusikilizwa. Siku zikapita na skrini zikabaki nyeusi. NTV na KTN zilirudi tarehe 5 Februari, na Citizen tarehe 8 Februari.

Linganisha visa hivyo viwili. Katika kila kimoja mahakama ilisema neno lake kwa haraka. Tofauti iko katika kilichofuata. Mahakama haina jeshi wala hazina ya fedha. Nguvu yake yote ni neno lake na desturi ya watu kulifuata. Kila siku ambayo amri iliyotolewa haikutekelezwa, desturi hiyo ilimegeka kidogo. Naye aliyeimega atakuja kuihitaji siku akiwa nje ya madaraka, akitafuta mlango wa kubisha.

Wajibu wa mahakama yenyewe

Ningekuwa nakudanganya kama ningesema wajibu wote uko kwa wenye kesi. Heshima ni barabara ya kwenda na kurudi. Mahakama inayotaka amri zake ziheshimiwe katika mambo ya miundombinu inapaswa kufanya mambo matatu.

Kwanza, izipime athari kwa watu wasiokuwa mbele yake. Jaji anayefunga akaunti ya duka anamgusa mwenye duka na wateja wake. Jaji anayefunga akaunti ya msajili wa bara anazigusa nchi zaidi ya 50 ambazo hazikuitwa kutoa ushahidi. Pili, ifanye haraka. Zuio la muda likidumu miaka, si la muda tena, limekuwa hukumu iliyovaa kanzu ya zuio. Tatu, ieleze sababu zake waziwazi, ili hata aliyeshindwa aweze kuzisoma na kujua hatua ya kuchukua.

Kisa hiki kimewafundisha na wale wanaoratibu intaneti duniani. Waraka wa mwaka 2001 uliokuwa ukitumika ulieleza jinsi ya kumtambua msajili mpya wa kanda, lakini haukueleza vya kutosha nini kifanyike msajili akiyumba. Baadaye kazi ya kuuandika upya ilianzishwa. Hiyo ndiyo faida ya kuufikisha mgogoro mahakamani badala ya kuumaliza gizani: kasoro za sheria huonekana, na zikionekana huweza kuzibwa.

Neno la kuagana

Mwanafunzi mpendwa, nilianza kwa kukuuliza ufanye nini mahakama inapotoa amri inayokuumiza. Jibu langu ni hili: uitii, useme wazi kwamba hukuridhika, urudi mahakamani na ushahidi bora zaidi, na ukishindwa hapo upande ngazi inayofuata. Njia hii ni ndefu, na watu wa AFRINIC waliolala bila kujua mshahara wa mwezi ujao wanaijua ladha yake chungu. Lakini walipoipita, daftari lilibaki zima, anwani zetu zilibaki mahali pake, na hakuna nchi iliyozimika kwa ajili ya mgogoro wa wawili.

Kabla hatujaachana, jaribu kujibu maswali haya kwa Kiswahili chako mwenyewe, kisha ujadiliane na mwenzako.

1. Eleza tofauti kati ya kutii uamuzi na kuridhika nao. Toa mfano kutoka maisha ya nyumbani au shuleni.

2. Je, ilikuwa haki kufunga akaunti za msajili kabla kesi haijasikilizwa kikamilifu? Toa hoja moja ya kuunga mkono na moja ya kupinga.

3. Kama ungekuwa mkuu wa kampuni ya simu nchini Zimbabwe mwezi Januari 2019, ungelitii agizo la kuzima intaneti wakati ukiisubiri mahakama? Kwa nini?